Mfuko wa Kulalia Niliompa Mzee wa Njia ya Haneti

Walisema sitafika Haneti. Mjomba wangu Ndahani alilisema hilo mbele ya watu, barazani kwake hapa Chang'ombe ya Dodoma, siku aliyonikabidhi baiskeli yake. "Mtu wa diploma haiwezi baiskeli ya mzigo, bwana. Miguu yake imezoea kukaa chini ya meza." Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshawajibu.

Haya ninayowasimulia yalinitokea mimi mwenyewe. Sikuota, sikuwa nimelewa, na wanaonijua wanajua kwamba mimi ni mtu wa vipimo. Nisichoweza kukipima huwa sikisemi. Hiki nakisema kwa sababu nilikipima.

Nilikaa Bulgaria miaka minne, nikarudi na diploma ya ufundi mitambo yenye muhuri mwekundu. Nikakuta kiwanda kilichonipeleka kimefungwa na wenzangu wamepunguzwa kazini. Wengi walikaa nyumbani wakisubiri kuitwa. Mimi nikae? Niliona bidhaa zinaingia kwa wingi, vipuri vya baiskeli vimejaa madukani, na huko vijijini watu wanateremka vilima kwa baiskeli zisizo na breki kwa kuwa hakuna wa kuwapelekea. Nikajitangaza fundi wa minada, yale masoko ya vijijini ya kila mwezi kama la Haneti. Mjomba akaniazima baiskeli. Mama Neema, mwenye genge la nyanya jirani yetu, akanikopesha hela ya njiani na vifaa vya kuanzia. Mzee Issa, Mrangi wa Kondoa mwenye duka la vipuri mjini, akanipa boksi zima la spoku, tyubu na minyororo kwa mali kauli: unachukua mzigo kwa neno lako, unalipa ukishauza.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza, maana wengi mnaolala njiani mnalifanya. Safari ya kwanza nilibeba turubai. Turubai ni kitu cha heshima, mvua haipiti, lakini likilowa ni kama umempakia mtu mzima kwenye keria. Nilinyeshewa Mayamaya, nikasukuma baiskeli nusu ya njia, nikafika Haneti watu wanafunga mizigo. Mwezi uliofuata nikaenda na karatasi la nailoni. Jepesi! Nikaona nimemaliza kila kitu. Mvua haikunipata, kweli, ila jasho langu mwenyewe lilikosa pa kutokea. Nikaamka nimelowa kuliko aliyelala nje kwenye mvua, upepo wa alfajiri ukanikuta hivyo, homa ikanishika. Nikarudishwa Dodoma juu ya lori la mkaa bila kuuza hata spoku moja.

Mzee Issa alilitazama boksi lake lililorudi limejaa. "Kijana, mimi nakupenda, lakini vipuri vyangu vimekuwa watalii, vinatembea na kurudi. Mnada ujao usipouza, niletee boksi langu."

"Na baiskeli yangu," akasema Mjomba.

Kwa hiyo ulibaki mnada mmoja tu. Nikikosa ule, basi ndiyo nimerudi kukaa na wanaosubiri kuitwa. Mama Neema alinishauri nipige hodi kwa watu nilale ndani. Lakini mnawajua wenyeji wetu: ukipokelewa usiku utaulizwa habari za ukoo wako mpaka jogoo wa kwanza, na asubuhi huruhusiwi kuondoka bila uji. Jua linakuwa limeshapanda na wateja wameshanunua kwingine.

Ndipo kwenye mitumba, ile tuliyoiita kafa Ulaya, nikauona. Mfuko mrefu wa rangi ya machungwa, kitambaa chembamba kama cha mwavuli, zipu upande mmoja. Muuzaji alidhani ni wa kufunikia pikipiki. Mimi niliujua palepale. Kule Bulgaria tulikuwa tukipanda milimani kwa baiskeli, wanafunzi wa mataifa yote, na wenzangu walilala nje ndani ya mifuko kama hiyo. Lakini sikununua kwa kukumbuka. Nilipima! Nikaupeleka kwenye mizani ya Mama Neema: haukufika hata kilo moja, na turubai langu likiwa kavu ni kilo sita. Nikaumwagia maji ya kikombe juu, yakateleza kama kwenye jani la mgomba. Nikaweka mdomo kwa ndani na kupuliza, nikahisi joto la pumzi likitokea upande wa pili kwenye kiganja. Hapo ndipo nilipopiga kelele. Kitambaa kinachozuia maji na kinachoruhusu pumzi! Kisha nikaingia mzima mzima, na blanketi na viatu, nikageuka kulia na kushoto pale pale kati ya nyanya, maana mfuko ukikubana unalisukuma blanketi mwilini na baridi inakufikia. Nikaifunga na kuifungua zipu kutoka ndani mara ishirini.

"Kaka'ngu," Mama Neema alisema, "wenzako wananunua suti, wewe umenunua sanda yenye zipu!"

Acha acheke. Kilo tano zilizookolewa nilizijaza tyubu na pedeli.

Niliondoka Dodoma saa sita mchana. Niaminini, ile baiskeli ilikuwa inaruka! Giza lilinikuta nimeshaipita Mayamaya. Nikaingia kando ya barabara, nyuma ya kichaka cha miiba, nikailaza baiskeli, nikaingia mfukoni na kufunga zipu mpaka kidevuni. Upepo ulikuwa unapita juu yangu kama unapita juu ya jiwe. Nilijisikia tajiri. Nikalala.

Nikaamshwa na sauti.

"Hodi."

"Karibu," nikajibu. Mdomo ulijibu wenyewe, kama wenu ungejibu. Halafu ndipo akili ikaamka. Hodi ya wapi? Mlango uko wapi?

Nikawasha tochi. Alikuwa mzee mwembamba, shati jeupe lililopigwa pasi, amechuchumaa karibu kabisa na kichwa changu. Barabara ile ina vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno, lakini shati lake halikuwa na hata chembe.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitika. Alikuwa anaupapasa mfuko wangu kwa ncha za vidole.

"Kitanda gani hiki? Kina uzito gani?"

Hapo ndipo sifa ziliponiponza. Mtu mwenye busara angeogopa. Mimi nilitoka mfukoni kwa furaha! Mtu wa kwanza katika mkoa mzima aliyeuliza swali sahihi! Nikamweleza kilo, nikamweleza kitambaa, nikamweleza jasho na pumzi. Aliitikia kwa kichwa kila neno, kama mteja aliyekuja na hela.

"Mimi natembea sana usiku," akasema. "Nalalia ngozi ya ng'ombe. Nzito, na ikipata umande inanuka."

"Kumbe tuna shida moja, mzee! Na usafiri wako ni upi? Baiskeli?"

Akacheka kidogo. "Nina kipando changu. Wewe chako unakijaza upepo. Mimi changu nakijaza mifupa."

Nikacheka na mimi. Nilidhani ni utani wa Kigogo ambao miaka ya Ulaya ilikuwa imenisahaulisha.

"Naweza kujaribu?" akauliza.

Nani angemkatalia mzee? Nikamshikia mfuko, akaingia. Nikamfungia zipu mpaka kifuani. Akajinyoosha, akageuka kulia, akageuka kushoto, akafumba macho. "Eee," akasema, na ilikuwa sauti ya mtu ambaye hajapumzika miaka mingi. "Eee, hiki kitanda."

Nikamulika mishono nimwonyeshe ilivyozibwa. Mwanga ukapita juu ya bega lake ukaenda mpaka kichakani, na kule macho mawili yakaurudisha.

Fisi. Si mbwa, si mbweha; mgongo umeteremka nyuma, shingo nene. Alikuwa umbali wa baiskeli mbili hivi, naweza kukuchorea. Shingoni alikuwa na kamba ya magome ya mti, na mgongoni ngozi ya ng'ombe iliyokunjwa vizuri, kama mtu anavyokunja blanketi juu ya keria. Kamba ile ilikuwa inatambaa chini mpaka kwenye mfuko wangu, inaingia ndani kwa yule mzee.

Tangu utoto tulisimuliwa kuhusu watu wanaopanda fisi usiku, wakitoka Dodoma na kufika mbali kabla ya mapambazuko. Nilipokuwa chuoni niliwasimulia Wabulgaria kama kichekesho. Je, unajua kichekesho kinavyonuka kikiwa karibu? Kinanuka damu iliyokauka na manyoya yaliyolowa.

"Usimwogope," mzee alisema bila kufumbua macho. "Hana makuu. Nimekipenda kitanda chako, kijana wangu. Tubadilishane. Mimi nibaki na hiki, wewe mchukue yeye. Utafika Haneti kabla hujamaliza kukohoa. Utafika kila mnada. Hao wanaokudai hawatakusumbua tena."

Sikuwa nimemwambia kwamba nadaiwa.

Akautoa mkono mfukoni, akaninyooshea kamba. "Shika."

Ninyi mnaokwenda minadani mnaelewa nilipokuwa. Mnadani biashara ni kamba. Mtaongea bei asubuhi nzima, lakini muuzaji akikunyooshea kamba na ukaishika, mmemaliza. Mnyama ni wako, na hakuna wa kukutetea. Na mkono wangu, wallahi, ulikuwa umeshatoka! Miezi ile ya kuchekwa ilikuwa inausukuma. Nikaiona picha yangu nikipita juu ya Chang'ombe, Mjomba akiwa barazani mdomo wazi. Vidole vyangu vilikuwa vimebakiza upana wa spoku.

Fisi akapiga miayo. Nikayaona magego.

"Mzee," nikasema, "hatubadilishani. Chukua mfuko. Nimekupa bure."

Akafumbua macho. "Bure?"

"Bure kabisa. Zawadi. Sitaki kitu."

Kamba ilibaki hewani. Kisha akasema polepole, kama mtu anayehesabu kitu asichowahi kukihesabu, "Mimi sijawahi kupewa kitu bure." Akaurudisha mkono ndani na kamba yake, akaipandisha zipu mwenyewe mpaka juu ya kichwa. Kutoka ndani nikasikia, "Basi ondoka haraka. Huyu hajasikia tulivyokubaliana."

Sikuambiwa mara mbili. Nilipanda baiskeli ile na mzigo wake wote, sikuuhisi. Nyuma yangu nilisikia kucha kwenye changarawe, kwa muda mrefu, zikiongeza mwendo nikiongeza, zikipunguza nikipunguza. Sikugeuka. Kulipoanza kupambazuka zikaacha, na mbele nikaona moshi wa mama lishe wa kwanza akiwasha moto kwenye uwanja wa Haneti. Nilikuwa mfanyabiashara wa kwanza kufika, mbele hata ya malori! Mpaka saa nne boksi lilikuwa tupu. Watu waligombania tyubu. Mmoja alinunua mnyororo na baiskeli hana.

Lakini sikutoka salama, msidhani. Tangu siku ile ng'ombe hawanitaki. Nikipita karibu na zizi la mnada wanavunja miti, kwa hiyo banda langu nalipanga mwisho kabisa wa uwanja. Kamba siishiki, hata ya mbuzi niliyemnunua mwenyewe. Wengine humfungua na kuniswagia mpaka nyumbani. Na matingo wawili wa malori, kwa nyakati tofauti, wameniambia walimwona mtu amelala kando ya barabara ndani ya mfuko wa rangi ya machungwa, amelindwa na jibwa kubwa lenye mgongo wa ajabu. Walitaka kusimama wamwamshe. Usimwamshe! Na wewe unayelala njiani, chagua mfuko mwepesi, pima kama nilivyopima, ila usimsifie mgeni wa usiku kitanda chako, na usimruhusu kukijaribu.

Baada ya minada minane nililipa wote, siku moja, mchana kweupe. Mzee Issa alifuta jina langu kwenye daftari, akanisukumia boksi jingine kubwa zaidi. Mama Neema alizikunja noti ndani ya kanga na kuniita mheshimiwa. Mjomba aliikuta baiskeli yake barazani imeoshwa, ina mnyororo mpya na breki mpya. Akalizungusha gurudumu, akasikiliza gololi, kisha akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Njooni mwone! Mtu wa diploma amefika Haneti!"

Jioni ile nilikaa pale barazani kifua mbele, sidaiwi na mtu. Ndipo Mjomba akaniuliza ilikuwaje sikukata tamaa, nikamjibu ukweli: mimi nikiwa na deni silali, lazima nimtafute anayenidai popote alipo nimlipe. Nilipolisema hilo, mwili ukanisisimka wote. Kuna mzee mmoja huko nje ambaye hajawahi kupewa kitu bure, na ana kitanda changu. Akikuuliza ninakoishi, tafadhali, mwambie hanidai wala simdai.