Programu Iliyoitika Naam

Marehemu mdogo wangu alikuwa mtu wa mzaha hata kazini. Sote wawili kazi yetu kuandika programu, na yeye alijenga moja ya sarafu za mtandaoni iliyokuwa haizimwi chumbani kwake, nyumbani kwa mama, Mpendae. Ilikuwa na sehemu mbili: moja kwenye kompyuta, inasikiliza mtandao, ya pili ni pochi, kwenye simu, imeshika funguo za siri za sarafu. Hakuna inayoingia ndani ya mwenzake. Huzungumza kwa maneno machache tu ziliyokubaliana, kama wa ndani na wageni wa barazani wanavyopokezana sinia mlangoni. Pochi ikiuliza "Upo?", kompyuta hujibu. Programu za wengine hujibu kwa tarakimu. Yake ilijibu "Naam", kama mama alivyotufundisha tukiitwa: mimi wa kike abee, yeye wa kiume naam.

"Ya kwangu ina adabu, dada," aliniambia, anacheka peke yake.

Baada ya arobaini nikaenda kuizima. Kompyuta ilikuwa kuukuu, inanuka kuungua, na moto ndani ya nyumba ya mama siutaki. Nikawasha skrini. Loo! Naam. Naam. Naam. Kila moja na saa yake, mpaka za asubuhi ile. Kompyuta haijibu bila kuitwa, na mwenye kuita tushamzika. Nikasoma Ayatul Kursi, mie ninayejidai mtaalamu.

Mara ikatokea nyingine, mbele ya macho yangu. Naam.

Nikatoka mbio hadi chumbani kwa mama. Alikuwa kakaa juu ya mswala, simu ya mdogo wangu mkononi, waya wa chaji unaning'inia.

"Mama, unafanya nini?"

"Namwita mwanangu. Kila nikishasali. Alinionesha mwenyewe pa kubonyeza. Ananiitikia."

"Mama, hiyo ni programu tu."

"Nnajua! Kwani mie mjinga?" Machozi yakamtoka. "Wewe una moyo gani?"

Niliona haya, wallahi. Lakini ile harufu ilikuwa imezidi. Nikaizima kompyuta, nikaanza kuihamishia programu kwenye yangu, neno lile lile, nisibadilishe kitu.

Sijamaliza, nikasikia kutoka chumbani kwake, milango wazi, ukucha wa mama ukigonga kioo cha simu. Ukagonga tena. Kisha akaita kwa sauti, jina la mdogo wangu. Kimya. Akaita tena, sauti inamkatika.

"Naam," nikaitika.