Ndege ya Odeta Ina Njaa

Mteja wa kwanza asubuhi ile alifika Mkuyuni na simu iliyopasuka kioo, akaiweka juu ya meza ya Odeta, akasalimia vizuri kabisa. Odeta alipoanza kulegeza skrubu, jamaa akaanza kupiga mluzi, kisha akaimba chini chini: "Ndege ya Odeta ina njaa, imekwenda kula maharage."

"Dada, hivi ndiye wewe mwenyewe?"

"Ndiye mimi."

"Wa maharage?"

"Kaka, unataka kioo, au nikurudishie simu yako?"

Ndivyo alivyoishi mwaka mzima. Wimbo ule ulitungwa na Josephat Ngosha, manju wa Wagalu, yaani kiongozi wao wa ngoma na mtunzi wa nyimbo, tena aliutunga papo hapo uwanjani Kisesa, ndege ikiwa bado ndani ya sufuria.

Wagika na Wagalu ni vyama vya ngoma, nao hushindana baada ya mavuno. Hakuna jaji. Kila chama kinacheza upande wake wa uwanja, kwa wakati mmoja, na watazamaji wana ruhusa ya kukimbilia wanakotaka. Filimbi ikilia, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Basi kila chama hutafuta kivutio: huyu ataleta chatu, yule atachonga mtu wa mbao anayetikisa kichwa. Odeta ni Mgika wa kuzaliwa. Mjomba wake Shigela, aliyemlea, ndiye manju wao. Odeta alileta ndege ya rimoti.

Aliiunda mwenyewe kwa yale maboksi meupe mepesi ya kusafirishia minofu ya sangara. Kwenye uwanja uliojaa watu ndege haina pa kukimbilia, kwa hiyo aliifungia mota nne za kuinyanyua wima. Ikishapanda, mota ya tano inaisukuma mbele, zile nne zinazimwa, na mabawa yanabeba uzito wote. Hatari iko hapo kwenye kugeuza. Mwaka jana ilipanda vizuri mpaka Wagalu wakaanza kukimbiwa na watu wao. Odeta alipogeuza, mkia ukazama, pua ikatazama mbinguni, na ndege ikarudi chini kinyumenyume hadi kwenye maharage ya mama lishe. Shigela ndiye aliyewahi kufika. Aliinama juu ya mabaki kabla ya mtu mwingine yeyote, na Odeta alidhani mjomba wake analia.

Alipiga hesabu zake upya na hakuona kosa. Akaamua kwamba Wagalu waliichezea ndege ilipokuwa imelala majanini. Ushahidi hakuwa nao. Hasira alikuwa nayo, ikamtosha. Akaunda nyingine. Kila Jumapili baada ya misa aliibeba hadi ufukweni nje ya mji, upepo wa ziwa ukimpiga usoni, na kila ilipogeuka salama alisema kwa sauti, "Hii ya kwako, Ngosha." Hakutaka kuombwa msamaha. Alitaka kumwona Ngosha anaimba mbele ya nyasi tupu.

Siku ya mashindano alifika Kisesa mapema. Ndege ilikuwa imelala kwa mjomba, naye alikuwa ameshaileta uwanjani. Odeta aliinyanyua kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, kama alivyozoea kufanya kabla ya kurusha tangu ile ya kwanza ianguke. Ikikaa sawa, uzito uko mahali pake. Safari hii mkia uliinama.

Akajaribu tena. Ukainama tena. Akachukua kisu, akapasua mkia, na ndani akakuta kifurushi cha kitambaa cheusi, kimeshonwa kwa singa za mkia wa ng'ombe.

"Mjomba, hiki nini?"

Shigela alikuwa anavaa njuga. "Rudisha hapo hapo."

"Nimeuliza ni nini."

"Samba. Dawa ya kuvuta watu. Wewe unadhani watu wanavutwa na betri?"

"Na mwaka jana je?"

Shigela akawa na kazi nyingi sana na zile njuga. "Ya mwaka jana ilikuwa kubwa," akasema. "Ndiyo maana safari hii nimeweka ndogo."

Odeta alisikia masikio yanawaka moto. "Ulijua."

"Nilihisi."

"Mwaka mzima unanisikiliza namtukana Ngosha!"

"Si Mgalu yule? Mgalu kutukanwa kuna hasara gani?"

Ng'ambo ya uwanja ngoma za Wagalu zilishaanza kulia, na Ngosha hakusubiri. Alianza na maharage. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Odeta alitazama kule, akamtazama mjomba wake. Hakujua aanze na nani. Akaamua kuanza na aliyekuwa anaimba. Alikichomeka kile kifurushi katika mfuko wa koti la Shigela.

"Kaa nayo wewe. Wavute kwa miguu."

Akaziba mkia kwa selotepu, akapima tena kwa vidole, akaiweka ndege chini. Mota nne zikanguruma, vumbi likatimka, na ndege ikapanda wima juu ya vichwa vya Wagika, juu ya miti, ikasimama hewani. Odeta akashusha pumzi. Akageuza.

Pua haikuinuka. Ndege ilichapuka mbele kama iliyokuwa imefungwa kamba ikakatwa. Akaipitisha chini chini juu ya Wagalu, akaikunja, akairudisha, akaipitisha tena. Watoto ndio walioanza kukimbia kuifuata, kisha mama zao, kisha wazee na baiskeli zao. Kila ilipoelekea upande wa Wagika, watu walikimbia nayo.

Ngosha alipandisha sauti. Alibaki na wapiga ngoma wake na mlevi mmoja aliyelala.

Hapo Odeta angeweza kutua, ushindi ulikuwa wake. Hakutua. Aliirudisha ndege upande ule, akazima mota ya tano, akawasha zile nne, akaishusha taratibu mpaka ikasimama hewani juu kidogo ya uso wa Ngosha. Upepo wa mapangaboi ukang'oa manyoya ya mbuni kichwani mwake moja baada ya jingine. Vumbi likamwingia mdomoni katikati ya mstari. Akakohoa. Odeta akaishikilia pale pale. Ngosha akajaribu kuimba tena, akakohoa tena, na umati wote ukaangua kicheko. Odeta hakumwonea huruma hata kidogo. Ilikuwa tamu kuliko alivyowaza, akaishikilia hadi filimbi ilipolia.

Wagika walimbeba Shigela juu juu. Mtu akampa kipaza sauti. Odeta, akiwa amepiga magoti anachomoa betri, alimwona mjomba wake anaingiza mkono mfukoni na kukiinua kile kifurushi cheusi mbele ya watu wote.

"Mmeiona dawa ya Wagika?"

"Tumeiona!"

"Nani kairusha ndege?"

"Shigela!"

"Odeta, mpwa wangu, njoo hapa, mama, waonyeshe mikono niliyoipa dawa!"

Odeta akasimama. Akaikumbatia ndege kwapani, akashika rimoti, akampa mjomba mgongo. Akaukata uwanja mtupu hadi kwa Wagalu, ambako Ngosha alikuwa ameketi kwenye kigoda, anajifuta macho.

"Shikamoo, Ngosha."

"Marahaba. Umekuja kunimalizia?"

"Mwakani narusha upande huu."

Ngosha akatema vumbi. Akautazama umati wa ng'ambo, akamtazama binti. "Wewe ni Mgika tangu tumboni. Mjomba wako atakufa kwa aibu."

"Hafi mtu kwa aibu. Mimi nimejaribu mwaka mzima."

Manju akacheka, akakohoa. "Lakini sikiliza, binti yangu. Kwetu hakuna anayehamia bila kuchanjwa chale na kupakwa dawa yetu. Hilo sina uwezo wa kulibadilisha."

"Nichanjeni mimi," Odeta alisema. "Ndege muiache."

Kipaza sauti kikaita jina lake tena, safari hii bila madaha. Watu wa ng'ambo walikuwa wamegeuka wote. Ngosha akainuka, akampisha kwenye kigoda, akaagiza wembe. Odeta akaketi akiwaelekea Wagika ili waone vizuri, akakunja mkono wa blauzi.