Mtumbwi Uliolala Zizini

Majuzi nilikuwa Mirongo, mjini Mwanza, nasubiri kuvuka barabara, ikapita pikapu inavuta boti nyeupe ya plastiki juu ya tela, imefungwa mikanda kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Kijana aliyekuwa anauza miwa kando yangu akaguna. "Huyu naye, si aiache huko ziwani ilindwe? Kila siku kupandisha na kushusha, si kujitesa?" Nikacheka peke yangu mpaka akaniangalia vibaya. Ndugu yangu, swali hilo nimekua nalo. Kwetu liliulizwa kila uchao, na aliyekuwa akiulizwa ni bibi yangu.

Kwetu ni ufukweni, kabla hujafika kivuko cha Kigongo. Nazungumzia miaka ya tisini, zama za ruksa, viwanda vya samaki vilipofunguliwa Mwanza na malori ya barafu yakaanza kushuka hadi mwaloni kwetu, pale mitumbwi inapofungwa na samaki kushushwa, kutafuta sangara. Kila mwenye chochote alitaka mtumbwi. Bibi, mama mzaa baba, alikuwa mjane aliyekulia kwenye ng'ombe. Hakujua kuogelea, na sato alimla huku anakunja uso kama anameza dawa. Lakini aliona mbali. Aliswaga baadhi ya ng'ombe wake mnadani, akarudi na mtumbwi mpya wa mbao wenye injini, na kumkabidhi baba mdogo, mtoto wake wa mwisho, awe nahodha.

Wenye mitumbwi wote waliiacha mwaloni. Palikuwa na mlinzi mwenye mkuki na mbwa, kila mmoja akatoa ushuru wake, jioni akaenda zake nyumbani mikono mitupu. Bibi hakutaka kabisa kusikia habari hiyo. "Ng'ombe wangu halali kwa jirani," alisema. "Huu nao nimeununua kwa ng'ombe. Utalala zizini na wenzake."

Usidhani ulikuwa utani. Alitafuta ekseli ya pikapu iliyokufa, fundi wa kuchomelea akaitengenezea fremu, pakawekwa magunia ili mbao zisichubuke, na hapo tukawa na tela. Lilivutwa na maksai wawili. Mmoja aliitwa Jemadari, kwa sababu hakupenda kupitwa. Mwingine aliitwa Bwana Shamba, kwa sababu alitembea polepole akikagua mashamba ya watu, na akiona mahindi mazuri alisimama kabisa kuyatafakari.

Jioni ndiyo ilikuwa raha yetu. Maksai waliingia majini hadi tumboni, tela likazama, mtumbwi ukaelea juu yake, kisha baba mdogo akapiga mluzi na mzigo wote ukapanda kutoka ziwani unachuruzika maji. Mimi nilikuwa mtu wa jiwe. Nilitembea nyuma ya gurudumu na jiwe mkononi, na maksai wakitaka kupumzika mlimani nililisukuma chini ya tairi tela lisirudi nyuma. Njia nzima ilinuka samaki na kinyesi cha ng'ombe, na hadi leo harufu hizo mbili zikikutana puani mwangu nasikia njaa ya ugali.

Nyumbani mtumbwi ulikuwa na maisha yake. Kuku walitaga ndani. Tulifanyia humo hesabu za shule, na mwalimu wetu aliwahi kuokota gamba la sangara ndani ya daftari langu akauliza kama nasoma au navua. Kwa kuwa mbao zikikauka juani hupasuka, siku ambazo haukwenda ziwani tuliumwagia maji ya kuoshea vyombo na kuufunika kwa nyasi mbichi. Bibi aliupapasa ubavuni kama anapapasa ng'ombe mwenye mimba.

Mwaloni walitucheka sana. Aliyeongoza alikuwa mzee jirani yetu, mwenye mitumbwi kuliko wote, mtu mnene wa sauti kubwa. Akimwona bibi tu, anaanza kumwamkia mama wa watu kwa Kisukuma: "Mayu, mwadila! Mtumbwi wako leo umechungwa wapi? Umeshiba?"

"Umeshiba, baba," bibi anajibu bila kugeuza shingo. "Wako je, umelala na nani?"

Watu walikufa kwa kicheko. Baba mdogo hakucheka. Alikuwa kijana wa kuvaa jinzi ya mtumba iliyopigwa pasi, na wenzake walikuwa wamembatiza jina la mchunga mitumbwi. Siku moja tukiwa tunakula alinawa mikono kabla hajashiba, akamwambia bibi kwamba amechoka kuchekwa. Mtumbwi ukae mwaloni kama ya wenzake, la sivyo yeye anakwenda Mwanza kutafuta kazi kiwandani. Babu alikuwa amekufa, watoto wengine wote walikuwa mjini, na sisi wajukuu tulikuwa wadogo. Baba mdogo akiondoka, mtumbwi ule ungebaki kuwa kiota cha kuku, na bibi angebaki na sahani zetu tupu.

"Nipe muda nifikiri," alisema. Sikuwahi kumsikia akiomba muda.

Kabla hajamaliza kufikiri, magugu maji yakaja. Tulikuwa tumeyaona kwa mbali, visiwa vya kijani vyenye maua mazuri ya zambarau. Upepo ukayasukuma yote ndani ya ghuba yetu ndogo, yakashikana, yakawa kama zulia. Kuku alitembea juu yake. Mitumbwi yote ya mwaloni ilinasa humo, injini ikiwashwa, panga lake la chini ya maji linajaa mizizi, inazima. Malori ya barafu yakasubiri, yakachoka, yakahamia kwingine.

Sisi tuliamka, tukafunga nira, tukaupitisha mtumbwi wetu nyuma ya kilima cha mawe hadi ufukwe wa upande wa pili, ambako upepo ulikuwa umeyafagia maji yakabaki meupe. Jioni tulirudi na samaki. Nilitaka bibi apite mwaloni kifua mbele, angalau siku moja tu. Hakupita. Alimtuma baba mdogo apeleke samaki kwa nyumba zilizoshindwa kuvua, akaanza na ya mzee jirani.

Kesho yake mzee alikuja mwenyewe, kofia mkononi, sauti yake kubwa ameiacha nyumbani kwake. "Mayu, watoto wanalala njaa," alisema. Ni hayo tu aliyoweza.

"Tela si lipo?" bibi akasema. "Kwa nini umechelewa kuja?"

Basi tukaanza kuhamisha mitumbwi ya mwaloni, mmoja baada ya mwingine. Wanaume walikata magugu kwa mapanga, maksai wakavuta, tukapanda kilima, tukateremka, tukarudi kuchukua mwingine. Mimi na jiwe langu viganja vilichubuka. Bibi aliwapa maksai pumba na chumvi na kuwasemesha Kisukuma sikioni. Mtumbwi wa mwisho ulikuwa wa mzee, mkubwa kuliko yote, umelowa ndani na nje. Bwana Shamba aliuvuta hadi ufukweni kule. Akasimama, safari hii hakuna mahindi ya kutazama. Akapiga magoti mchangani na hakuinuka tena.

Bibi alikaa chini, akaweka kichwa cha maksai wake mapajani, akalia waziwazi mbele ya wanaume. Nami nililia. Mtumbwi wetu ulikuwa pale pale majini, umerudi kutoka kuvua, unasubiri kupelekwa nyumbani, na Jemadari amebaki peke yake katika nira ya wawili.

"Uacheni," bibi alisema hatimaye. "Ulale huku na ya wenzake."

Ndipo baba mdogo alipovua shati. Akainama, akaingiza bega lake chini ya nira upande wa Bwana Shamba, ubavu kwa ubavu na Jemadari, mbele ya wale wale waliombatiza jina. Akapiga mluzi. Tela likasogea kidogo, likakwama. Mzee jirani akatazama huku na huku, akatupa kofia yake, akaja nyuma kusukuma. Wote wakaja. Tukapanda kilima kile na mtumbwi wa bibi, watu wazima wanahema kama ng'ombe, na mara hii jiwe langu halikuhitajika. Habari za kiwanda hatukuzisikia tena.

Bibi hayupo siku hizi, na ekseli ile iliuzwa chuma chakavu. Mwalo umejengewa ukuta na geti, una taa, una walinzi wenye sare, na sikatai, mitumbwi iko salama kuliko wakati wetu. Jioni kila mmoja anafunga kamba yake na kwenda zake. Nimewauliza vijana wa pale, na hakuna hata mmoja anayejua mtumbwi wa jirani yake una uzito gani.