Nilivyoanza Kucheza Drafti na Mama Mkwe kwa Simu

Wakuu, hamjambo humu ndani. Hii sikuhadithiwa na mtu, imenipata mwenyewe, na chumvi sijatia.

Nina kibanda cha video game hapa Kakamega mjini. TV nne, makochi mawili yaliyochoka, na padi za kuchezea ambazo nimezitengeneza mara nyingi kuliko ninavyokumbuka.

Wengi wenu mnajua msimamo wangu kuhusu kucheza gemu kwa simu ya touchscreen. Tumebishana sana. Haina vitufe, kidole gumba kinafunika nusu ya skrini, betri inaisha, matangazo kila dakika. Nilisema hicho si kifaa cha michezo na sikuwa natania.

Basi baba mkwe akafariki.

Nyumbani kwao ni Mayoni, kule kwenye miwa. Yeye na mama mkwe walikuwa na mchezo wao mmoja, drafti. Kila siku baada ya chakula cha mchana walikaa barazani na ubao wa katoni na vizibo vya soda, wakizozana mpaka majirani wakajua nani ameshinda.

Baada ya mazishi mama akanyamaza. Hakulia sana, alinyamaza tu. Rose, mdogo wa mke wangu anayeishi naye, alikuwa akitupigia: "Leo tena ameacha obusuma, ugali mzima, kwa sahani. Siku hizi hata haongeangi."

Mke wangu Nafula akikata simu anaenda kulia jikoni, akidhani simsikii. Niliogopa, wakuu. Nimeona wazee wakifuatana kaburini kwa miezi michache tu.

Nikafikiria drafti. Nafula haijui, Rose haitaki. Nabaki mimi, na mimi ndiye nisiyeweza. Kwa wasiojua, kwetu mwanamume hakai karibu na mama mkwe wake. Humpi mkono, huli naye meza moja, mkikutana njiani unampisha. Sasa utaketi naye vipi ubao mmoja, magoti yakigusana?

Siku moja wateja wamepungua, nikaona kwenye simu kuna drafti ya watu wawili, kila mmoja akiwa kwake. Nikamweleza Nafula nikiwa na wasiwasi.

"Kwani kwa simu utamshika mkono?" akaniuliza.

Rose akaiweka kwenye simu ya mama, ile ya touchscreen tuliyomnunulia na akawa anaitumia kupokea simu tu.

Siku ya kwanza, saa saba na nusu, nikangoja. Kete haisogei. Rose akaniandikia kwamba vidole vya mama vimekuwa vigumu kwa jembe, skrini haivisikii. Nikakaribia kusema si niliwaambia.

Kumbe mama alikuwa hajakata tamaa. Akanawa mikono, akajaribu kidole cha mwisho, kile ambacho jembe halikukiharibu sana. Kete moja nyeusi ikasogea. Niliruka, mtu mzima mimi, mbele ya wateja.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Wakuu, unamshindaje mama mkwe? Wiki nzima nilijifungisha. Nilikuwa naacha kete wazi makusudi, nikiona ndiyo heshima.

Siku ya nane hakuja mchezoni. Ya tisa pia. Nikampigia Rose, akaweka loudspeaker, na nyuma yake nikasikia sauti ya mama:

"Mwambie mkwe wangu mimi si mgonjwa. Mzee alikuwa ananipiganga drafti bila huruma! Kama ni kunihurumia, aache."

Nafula aliposikia hayo akakaa chini. Hayo ndiyo yalikuwa maneno marefu zaidi aliyoyasema mama tangu mazishi.

Niliona aibu kweli. Watu wote walikuja na pole zao, na mimi nikamletea pole nyingine ndani ya simu. Yeye alitaka mtu wa kupigana naye.

Kesho yake nikamfunga. Nikamfunga tena. Mchezo wa tatu alinila kete tatu kwa mpigo mmoja, na Rose anasema alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Jioni akamaliza chakula.

Tukienda Mayoni bado nampisha na kumsalimia kwa mbali macho chini. Kisha yeye anaingia jikoni, mimi nabaki sebuleni, na mchezo unaanza. Nikikosea namsikia akicheka ng'ambo ya ukuta. Hatujawahi kuuzungumzia hata mara moja. Nampenda sana yule mama, na sina njia nyingine ya kumwambia.

Juzi nilingoja saa saba na nusu, kimya. Saa nane, kimya. Nikampigia Rose haraka.

Rose akacheka. "Mama ametoka. Ako kwa jirani na wamama wenzake, wanapukuchua mahindi. Simu ameiacha kwa kitanda."

Nilikaa pale na simu mkononi, sina wa kucheza naye, na machozi yakanitoka kwa furaha.

Nilichojifunza: kwa gemu za mpira bado nataka padi yangu, hapo msinibishie. Lakini simu ya kugusa inaweza kumfikia mtu pale ambapo wewe mwenyewe huwezi kuketi. Na ukicheza na mtu mwenye huzuni, cheza kweli.

Niliowatukana kwa kucheza gemu za simu, karibuni mnijibu. Na wenye mzazi aliyebaki peke yake, hebu tuambieni, nyinyi mnacheza naye nini?