Nyota Tatu za Mwanangu

Mwanangu alipopewa nyota tatu kati ya tano, mume wangu alisimama kanisani, akasema Bwana asifiwe, akatoa ushuhuda. Watu wakapiga makofi. Wengi hawakujua nyota zenyewe ni za nini, na hata sisi tulijua kidogo tu: kuna tovuti huko Marekani inayowapima vijana wa sekondari wanaocheza futiboli yao, ile ya kofia ngumu na kupigana vikumbo, ili vyuo vijue wa kumchukua na wa kumwacha.

Mume wangu alisomea Kenya, na kwake alama ni alama. Matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka yametoka. Ukipita, unaitwa shule. Basi akakaa akingoja chuo cha Marekani kimwite mtoto. Wiki zikapita, hakuna aliyeita.

Wakati huohuo kocha wa chuo kikuu kilicho karibu nasi, mwendo wa basi moja kutoka ghorofa yetu katika mtaa wa Jane na Finch, huku kaskazini mwa mpaka wa Marekani, alikuwa amempa mwanangu nafasi kwenye timu na kusomeshwa bure. Huyo alikuja uwanjani msimu mzima, akasimama kwenye mvua na mwavuli wake mbovu, akatazama. Alitaka jibu kabla ya Ijumaa mchana. Mwanangu alitaka kukubali. Baba yake akakataa katakata.

"Nyota tatu, halafu ubaki hapahapa? Watu wa kanisa nitawaambia nini?"

Nilikasirika. Nikamuuliza mwanangu, mbele ya baba yake, ni nani hasa wa hiyo tovuti aliyewahi kuja kumwona. Akasema hakuna. Waliangalia video, tena ya mechi moja, ambayo wapinzani walikuwa dhaifu. Mume wangu akasema hata wanaosahihisha mitihani hawaonani na wanafunzi. Hilo lilikuwa kweli, na likanikasirisha zaidi.

Ijumaa asubuhi nilirudi kutoka kazini hospitalini nikawakuta wote wawili mezani, hawasemezani. Mwanangu alikuwa amefungua ile tovuti kwenye simu. Nyota zilikuwa mbili.

Sikuamini macho yangu. Theluji ilikuwa imefunika viwanja tangu Desemba. Hakukuwa na mechi, wala mtu aliyegusa mpira. Mtihani gani huu, alama zinashuka mtoto akiwa amekaa kwao? Nilimgeukia mume wangu nikidhani sasa amefumbuka macho. Kumbe yeye alikuwa akimkazia mtoto macho.

"Umefanya nini mpaka wakakushusha?"

Mwanangu alichukua simu, akampigia yule kocha wa hapa. Iliita, ikaita tena, nami nimeshika ukingo wa meza nikiogopa kwamba nafasi imeshapewa mwingine. Hatimaye kocha akapokea, na mwanangu akasema ndiyo, anaitaka. Akasikiliza, akashukuru, akakata simu. Kisha akaenda chumbani kwake, akafunga mlango.

Mume wangu aliutazama mlango ule. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani huyu mtoto hucheza nafasi gani uwanjani?"