Mkalimani wa Likasi aliyekataa kuchagua "he" au "she"

Saa mbili asubuhi, kiwandani Likasi, kusini mwa Kongo, Émérence Kabwiz ameshaketi baina ya watu wawili wasioelewana. Kulia kwake yupo fundi wa tanuru. Kushoto, mhandisi mgeni anayejua Kiingereza tu. Kelele za mashine zinapenya ukutani. Anawainamia kwa zamu, sikio kwa huyu, mdomo kwa yule.

"Ikifika mangaribi sina hata sauti ya kuita watoto," anacheka.

Ana miaka arobaini na minne. Kiingereza alikipata Kitwe, Zambia, alikolelewa na shangazi aliyeuza vitenge. Hulipwa kwa siku, na kuna majuma ambayo hakuna anayemwita.

Mwaka jana nusura apoteze hata hizo siku chache.

Bomba la asidi lilipasuka katika kiwanda kimoja cha hapa na kumuunguza mfanyakazi miguu. Mkaguzi mgeni akaitisha kikao. Symphorien, kiongozi wa mafundi, akaeleza: "Kuna muntu wa ekipe yetu alionaka ile tiyo ya asidi inaoza. Akaandika barua bila jina, akaiweka ku biro ya shefu. Shefu akaitupa."

Shefu mwenyewe, msimamizi wa kiwanda, alikuwa pale pale, amekunja mikono.

Kwa Kiswahili, "akaandika" haisemi ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinadai kujua: "he" au "she"? Na kati ya mafundi wale mwanamke alikuwa mmoja tu, mchomeleaji aitwaye Orpha, na Émérence alijua ndiye aliyeandika.

"Ningesema 'she', ni kama nimemutaja jina," anasema Émérence. "Ningesema 'he', ningedanganya, na mwanaume fulani angeteseka bure."

Akasema "they". Kwa kawaida neno hilo ni la watu wengi, lakini Waingereza hulitumia pia kwa mtu mmoja ambaye jinsia yake haijatajwa.

Mkaguzi akakunja uso. Walikuwa wangapi? Shefu, aliyejua Kiingereza kidogo, akadakia: "Basi ni njama! Ekipe muzima!"

Neno lililomkinga mmoja sasa lilikuwa likiwatia wote hatiani. Émérence akamweleza mkaguzi polepole: mtu ni mmoja, ila msemaji hakusema ni nani.

Shefu akamgeukia. "Mama, mwanaume ao mwanamuke? Sema!"

"Shefu, minye natafsiri yenye alisema. Ile hakuisema."

Mkaguzi akaridhika, akaendelea na swali lingine. Bomba lilibadilishwa mwezi ule ule. Lakini Émérence hakuitwa tena kiwandani hapo hadi shefu yule alipohamishwa.

Orpha anaikumbuka siku hiyo. "Nilisimama karibu na mulango. Kingereza yangu ni kidogo, nilingoja tu kusikia 'she'. Haikukuya. Nikapumua."

Shefu mpya alipofika, Orpha alisimama mbele ya wenzake bila kulazimishwa na mtu. "Ni minye niliandikaka ile barua," akawaambia. Wengine walipiga makofi. Symphorien aliinama, akafuta macho.

Sasa kila Jumamosi Orpha huja nyumbani kwa Émérence kujifunza Kiingereza, na ameanza kuwaleta wenzake. Émérence anatafuta chumba cha kuwatosha, chenye ubao na mabenchi.

"Siku moya mugeni aulize, nao bamujibu benyewe," anasema.

Na kazi yake je, siku hiyo?

"Iishe tu," anajibu. "Nitatafuta ingine."