Kidole Gumba cha Mkataji

Mkataji wa maabara ana mikono ya baridi kama samaki wa kwenye friji, ndiyo maana huipasha kwapani kabla ya kugusa chochote chenye uhai. Kazi yake ni kukata ubongo wa vitoto vya panya ambavyo hata macho havijafumbua, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, ili wataalamu waone nyuzi za serotonini, kemikali ya kutuliza roho, zimetambaa hadi wapi. Kabla ya dawa ya usingizi hukipapasa kila kitoto kwa kidole gumba, kutoka kisogoni kwenda kwenye paji, huku akivumisha puani wimbo usio na maneno. Binti yake alipomkuta hivyo alicheka: “Mama, unakibembeleza au unakipima?” “Vyote viwili.”

Likizo ya uzazi ilipokwisha, binti hakuwa na wa kumwachia mwanawe ila mama yake. Asubuhi ya kwanza alisahau funguo, akarudi. Nyumba kimya. Mtoto yuko mapajani kwa bibi yake, macho wazi, hapepesi. Wimbo ni ule ule, na kidole kinapanda kutoka kisogoni. “Mama, unafanya nini?” “Nazisindikiza nyuzi tu. Zimeshafika hapa,” akasema, akigusa juu ya sikio. “Wewe nenda, utachelewa, wakufukuze bure.” Binti akamnyakua mwanawe. Mtoto akaangua kilio, hashiki ziwa, habembelezeki, shingo kaigeuzia kwa bibi. Bibi aliingiza mikono kwapani kuipasha, akasubiri.